Nyinyi wa Redioni, Wewe wa Nyumbani

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, bandari ya Virtsu haina adabu. Nusu ya nchi inataka kuvuka kwenda kisiwa cha Saaremaa kuota moto wa sikukuu, vivuko ni vilevile vya siku zote, na foleni ya magari inarudi nyuma mpaka kwenye misonobari. Watu wanashuka, wanatandika mablanketi kando ya lami, wanafungua saladi ya viazi na samaki wa kukaushwa kwa moshi, wanajiona wamefika tayari.

Katikati ya magari hayo alikuwa anapita Eneli Soonberg, kipaza sauti cha redio mkononi, gauni la kitani rangi ya maziwa, raba nyeupe miguuni, na shada la maua ya porini kichwani. Shada aliambiwa na mkuu wake alivae, kana kwamba redioni kuna anayeona. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwauliza watu foleni imewachosha kiasi gani. Kwa kweli aliyechoka zaidi ya wote ni yeye. Alikuwa ameingia redio ili atangaze michezo, na michezo yote aliyopewa mpaka siku hiyo ilikuwa hali ya hewa na barabara.

Akamfikia kijana mmoja mrefu, ameegemea gari kuukuu lenye chombo cheupe chembamba kimefungwa juu. Nywele zimepauka kwa chumvi, pua imebanduka ngozi kwa jua. Eneli akamsogezea kipaza sauti.

"Samahani, nyinyi mnakwenda kuvua na mtumbwi huu?"

Hapa niseme kidogo. Kwetu mtu usiyemzoea unamwita nyinyi, hata akiwa mmoja, hata akiwa mwembamba kama ufito. Wewe ni neno la nyumbani, la ndugu, la marafiki, la mtu mliyekubaliana naye. Kulitumia kabla ya wakati wake ni sawa na kuingia jikoni kwa watu bila kubisha hodi.

Kijana akautazama mtumbwi wake kwa makini, kama anauona kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, tunavua," akasema. "Siku nyingine tunapata, siku nyingine tunarudi mikono mitupu."

Watu wa magari ya jirani wakaangua kicheko. Bibi mmoja akamwambia Eneli, kwa huruma kabisa, kwamba huyo ni Ardo Rannaveer wa Saaremaa, mwanamatanga wa mbio za mashua, wa tatu katika Ulaya nzima, na kama binti hamjui basi akaangalie pakiti ya maziwa asubuhi, uso wake umechapwa pale. Na hayo yote yalikwenda hewani moja kwa moja, neno kwa neno.

Mwingine angelia. Eneli alishikwa na aibu mpaka masikioni, lakini hakuwa mtu wa kukubali kuchekwa peke yake. Akamwomba bingwa awatajie wasikilizaji kinywaji gani atakunywa motoni jioni hiyo. Mtego mtupu. Bia sisi tunaiita õlu, na herufi ile ya kwanza watu wa Saaremaa hawaiwezi tangu dunia iumbwe. Ardo akasema ölu, kama walivyosema babu zake wote, na foleni nzima sasa ikamcheka yeye. Akacheka nao. Akamega samaki wake, akampa Eneli nusu, wakala wamesimama.

Eneli alitakiwa arudi Tallinn. Alimpigia simu mkuu wake, akamwambia habari ya foleni inaendelea ng'ambo ya maji, na akavuka.

Jioni, jua likiwa bado juu kama vile halina kwao, walikaa kwenye bembea kubwa ya kijiji huku vijana wakirusha magogo motoni. Walikuwa wameshaongea mambo mengi, yote kwa nyinyi. Eneli ndiye aliyelivunja. Akanyoosha mkono na kumwambia, "Tuache unyinyi. Mimi ni Eneli." Ardo akaupokea ule mkono, akasema yeye ni Ardo, na hakuuachia mpaka bembea iliposimama. Kwa mtu wa Saaremaa, hapo ameshahutubia.

Ardo alikuwa ameanza matanga akiwa na umri wa mtoto wa shule ya chekechea, kwenye kile kiboti cha watoto kinachofanana na sanduku la mkate. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha mashua, alifariki mapema, na mama yake, Helve, mwalimu wa muziki, alimsindikiza kwenye mashindano ya nchi jirani kwa gari bovu lisilo na kipasha joto. Michezo ya Olimpiki aliikosa mara moja kwa nafasi moja tu, akarudi kisiwani akakaa wiki nzima bila kuongea, halafu akainuka akaenda kufunga tanga. Hilo ndilo lililowafanya watu wampende. Medali zilikuja baadaye. Shule zilimwita azungumze na watoto, mabibi walimfumia soksi, na kila alikopita kuna mtu aliyekuwa amesoma na binamu yake. Nchi yetu ni ndogo, tukipata mtu wetu tunamshika kwa mikono miwili.

Bahari yetu inaganda majira ya baridi, na mwanamatanga asiye na maji hana kazi. Kuanzia Novemba Ardo alikuwa Hispania akifanya mazoezi, na mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Na wewe?"

"Nimevaa kaptula."

"Nakata simu."

"Usikate. Kuna mtu hapa analalamika eti kuna baridi."

"Mwambie aje akwangue kioo changu. Umekula?"

"Nimekula. Mkate mweusi uliotuma umeisha."

"Ule ulikuwa wa mwezi mzima, Ardo."

"Ulikuwa mtamu, mpenzi. Nitafanyaje?"

Majira hayohayo Eneli akapewa alichokuwa akikililia: utangazaji wa mashua za matanga. Mkuu wa michezo, mzee Vaino Kiisk, alimwita akamweleza sharti moja, na wala hakulizungushazungusha. Msikilizaji asinuse upendeleo wowote. Mtangazaji akiwa na mtu wake mchezoni, anaondolewa mchezo huo, basi, hakuna ubaya wala fitina. Akamuuliza kama kuna la kusema. Eneli akasema hakuna.

Msimlaumu haraka. Madis, mwenzake wa meza ya pili, alikuwa ameshaanza kutania kwamba kazi hiyo Eneli ameipata kwa nusu samaki wa Virtsu. Mwanamke wa kwanza kutangaza matanga kwenye redio ile, halafu aambiwe amepitia mlango wa nyuma? Hapana. Alitaka kazi na alimtaka Ardo, na alitaka kila kimoja kisimame kwa miguu yake. Ardo alikubali mambo yawe siri. Alikubali kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Machi, mashindano ya dunia, Ardo akashika nafasi ya tatu. Eneli alitangaza kutoka studio. Siku hiyohiyo simu ikalia.

"Utakuja kunipokea?"

"Nitakuja, mpenzi. Nitakuwa mbele kabisa."

Eneli alisema akiwaza kazi, na Ardo akasikia anachokitaka. Ndivyo walivyokosana bila kugombana.

Uwanja wa ndege siku hiyo ulijaa. Bendera za bluu, nyeusi na nyeupe, kwaya ya watoto, na Mama Helve mwenyewe, sketi ya kienyeji ya milia, ya parokia yake, shali la sufi mabegani, mikononi mkate mtamu wa kusokotwa mkubwa kama usukani wa lori. Eneli alikuwa mbele kabisa kama alivyoahidi, koti jekundu, nywele amezifunga vizuri, kipaza sauti kikiwa tayari. Mlango ukafunguka. Ardo akatoka, akatupa macho, akamwona, akaangusha mfuko wake chini na kumjia na mikono iliyokunjuliwa.

Eneli akainua kipaza sauti katikati yao.

"Bwana Rannaveer, hongereni. Nyinyi mnajisikiaje?"

Mikono ya Ardo ikashuka polepole. "Sisi tuko salama," akajibu. "Sisi tunaishukuru sana redio."

Watu wakacheka, wakidhani bingwa wao anatania. Eneli alijua hatanii. Hata hivyo akamaliza maswali yake yote, sauti haikutikisika, na mzee Kiisk huko studio bila shaka aliridhika. Taa ya kipaza sauti ikazimwa. Hapo ndipo Mama Helve alipomsogelea na kipande cha mkate, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, nyinyi na Ardo mnafahamiana? Naona anavyowatazama."

Madis alikuwa hatua moja nyuma, anakunja waya.

"Kikazi tu, mama," Eneli akasema.

Na Ardo alikuwa hatua moja mbele.

Jioni simu ililia mara moja tu.

"Nyinyi ya redioni naielewa," Ardo alisema. "Nimejikaza, nimeielewa. Ya mama yangu siielewi. Pale kipaza sauti kilikuwa kimezimwa."

"Madis alikuwa pale, mpenzi. Ungetaka nimwambie nini?"

"Mama ameuliza swali dogo. Lilikuwa na jibu dogo."

"Kazi yangu, Ardo. Wewe ukipoteza mbio moja kuna nyingine kesho. Mimi nikiitwa kimada wa bingwa, nimekwisha."

"Basi tunafahamiana kikazi," Ardo akasema, na simu ikakatwa.

Kuanzia hapo, walipokutana kwenye mikutano ya waandishi, Ardo alimwita nyinyi. Hakuwa anamkomoa, na hilo ndilo lililomkata Eneli maini. Alimjibu kwa heshima na ukamilifu, kama anavyomjibu kila mtu, na akamshukuru mwishoni. Majarida yalimwandika Ardo kuwa mwanamume anayetamaniwa kuliko wote nchini. Eneli aliyanunua yote, akayasoma kwenye tramu, akayaacha kitini. Alikuwa anampenda, alikuwa anamjivunia mpaka kifua kinamuuma, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Agosti mashindano ya Ulaya yakaja nyumbani, kwenye ghuba ya Tallinn. Siku ya mwisho watu walijaa ukuta wa bandari ya Pirita tangu asubuhi, na viti vya kukunja, chai ya chupa na watoto mabegani. Sauti ya Eneli ilikuwa inakwenda redioni na kwenye spika zote za ukutani kwa pamoja. Alikuwa juu ya mnara wa watangazaji, gauni la bluu lisilo na mikono, Madis kando yake na darubini.

Mashua kumi bora, mbio moja ya kufunga kazi. Ardo alikuwa wa tatu kwa pointi. Mbele yake Mnorwe na Mfaransa.

Upepo ulikuwa wa kaskazini, mchovu, unapuliza na kusahau. Walipoondoka kwenye mstari, mashua tisa zilielekea kushoto, ambako maji yalionekana kuwa na mikunjo ya upepo. Moja ikageuka kulia, upande wa rasi ya Viimsi, peke yake kabisa. Namba ya tangani ilikuwa ya kwetu. Ukuta mzima ukaguna. Madis akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akasema jamaa amepotea.

Eneli aliendelea kutangaza kama kawaida. Rannaveer yuko peke yake, Rannaveer amechagua njia ya hatari, Rannaveer kwa sasa ni wa mwisho. Kule kulia tanga la Ardo lilining'inia. Mwanamatanga yeyote hapo roho inampaa, anageuza haraka kuwafuata wenzake. Ardo akasogeza mwili kidogo, kama anataka kugeuza. Na Eneli, kutoka juu, akaona maji ya Viimsi yanabadilika rangi, weusi wa upepo unatambaa kutoka pwani kumwendea Ardo.

"Usigeuke," akasema. "Ardo, wewe, usigeuke. Kaa hapohapo, mpenzi wangu, unakuja."

Watu elfu kadhaa na vikombe vya chai mikononi, wote wakatazama juu ya mnara. Madis akavua vifaa vyake vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena.

Ardo hakugeuka. Kusikia hakusikia kitu, alikuwa mbali mno, aliamua kwa akili yake mwenyewe, na hilo liwekwe wazi. Upepo ukamfikia. Tanga likajaa, mashua ikainama, na yeye akajitupa nje ya ukingo kuisawazisha, mgongo unagusa maji. Huko kushoto wenzake tisa walikuwa wamekaa kama bata. Alipozunguka boya la kwanza alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyemwona tena isipokuwa kwa nyuma. Eneli alitangaza mpaka mwisho, na alitangaza vizuri: Ardo wa kwanza, Mnorwe wa tatu, Mfaransa wa sita. Akapiga hesabu hewani, pointi za siku zote kwa pamoja. Dhahabu kwa Mnorwe kwa pointi moja, fedha kwa Ardo Rannaveer wa Saaremaa, wa pili katika Ulaya. Ukuta ukalipuka kama vile dhahabu haijawahi kuwa kitu cha maana.

Sauti ya mzee Kiisk ikaja masikioni mwake, taratibu. Akamwambia wasikilizaji wanapiga simu. Akamwambia pia kuna njia: aseme aliteleza ulimi, msisimko wa mbio, watu watacheka na kesho watasahau, naye Kiisk hatauliza zaidi. Aliyasema kwa wema. Alikuwa anampenda kama mtangazaji, na alitaka abaki naye.

Eneli alitazama chini. Tanga la Ardo lilikuwa linarudi bandarini, dogo, limechakaa, na watu wameshaanza kuimba. Ingetosha kusema neno moja, na kesho angekuwa na mnara wake, sauti yake na jina lake safi. Akabonyeza kitufe.

"Wasikilizaji, kwa mlichokisikia sikuteleza. Nilimaanisha. Mtangazaji mwenye mtu wake mchezoni hapaswi kukaa hapa, na mimi nilipaswa kuliambia hilo redio tangu zamani. Kuanzia sasa mashua za matanga mtatangaziwa na Madis. Asanteni kwa kunisikiliza."

Akaweka kipaza sauti mbele ya Madis. Yule bwana wa utani wa samaki akasimama, akampisha njia.

Ardo alipoingia bandarini aliona kila mtu anamchekea kwa namna ya ajabu. Wanaume waliomfahamu walimpigia saluti. Mabibi walijifuta macho. Hakuna aliyemwambia kitu. Tunaweza kusengenya wiki nzima, lakini tunajua ni wakati gani neno si letu. Katika watu wote wa nchi hii, siku hiyo asiyejua alikuwa mmoja, naye alikuwa anateremsha tanga.

Eneli aliacha viatu juu ya zege na kushuka mtelemko wa mashua. Maji yetu hata Agosti hayana mzaha. Yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, gauni la bluu likamzingira. Akaishika mashua kwenye ncha ya mbele, kama wanavyofanya jamaa za wanamatanga. Mama Helve alikuwa nyuma yake na kitoroli cha kubebea, anatazama bila kuuliza.

"Mbona hamko kazini?" Ardo akasema.

"Nimeacha kutangaza matanga. Sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Nimekuita wewe hewani. Na mpenzi wangu juu yake. Halafu nimeambiwa niseme nimeteleza, nikakataa."

Ardo alishuka majini upande wa pili wa mashua, akaegemea mikono miwili juu yake. Uso ulikuwa umejaa chumvi. "Lini?"

"Ulipokuwa Viimsi, peke yako."

"Nilikuwa mbali." Akavuta pumzi. "Nchi nzima imesikia, Eneli, mimi sikusikia."

"Nitakuletea rekodi."

"Sitaki rekodi. Nataka hapa, mama akiwepo."

Sisi tuna neno la kupenda, lakini tunalitunza kama vyombo vya wageni, wapo watu waliozaa, wakazeeka na kuzikana bila kulitoa kabatini. Eneli alikuwa anatetemeka meno. Akamtazama Ardo, kisha akamgeukia Mama Helve kwa makusudi, halafu akarudi kwa Ardo, na akasema kwa ile sauti yake ya redio inayofika mbali.

"Nakupenda wewe. Nilikukana mbele ya mama yako kwa sababu ya woga, na nilijua ni uongo wakati nausema. Mimi si mtu wako wa kikazi. Ni mtu wako."

Ardo aliizunguka mashua, akamshika mikono yote miwili. Mama Helve akangoja kadiri mama anavyoweza kungoja.

"Ardo," akasema, "kama una swali la kumuuliza binti, muulize upesi. Anaganda."

"Utaolewa na mimi?" Ardo akauliza.

"Nitaolewa na wewe. Sasa vuta mashua, miguu yangu siisikii."

Wakaivuta wote watatu mpaka juu, Mama Helve akivuta kuliko wote. Akavua shali lake la sufi, akamfunga Eneli mabegani, akalikaza kwa fundo chini ya kidevu, na kuanzia dakika hiyo akaacha nyinyi, akamwita wewe. Sherehe ya medali ilichelewa, na hakuna aliyeharakisha. Jina la Ardo Rannaveer liliposomwa na bendera yetu ikaanza kupanda, wapiga picha walikuwa na mahali pao, waandishi mahali pao, na Madis alikuwa pale na kipaza sauti. Eneli aliwapita wote, gauni likimchuruzika maji, akaenda kusimama mbele kabisa, kando ya Mama Helve, mahali wanaposimama ndugu.